Udongo Nilioumwaga Siku za Jumapili

Mwadi, binti yangu, mama yangu,

Barua huanza kwa kuulizia afya, lakini afya yako naijua. Mchana huu umemaliza sahani mbili za bukari, ugali wetu, kwa sombe ya kisamvu, kisha ukachungulia sufuria kuona kama kumebaki. Basi hayo tuyaache. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua hawatakuachia mapema. Mimi baba yako nimekaa mezani, nimezima redio, nimechukua daftari lako la zamani la jiografia lenye kurasa tupu nyuma. Nina jambo la kukuambia ambalo nimelikalia miaka kumi na miwili.

Habari ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango kwa komeo mbili, ya kutomwamini kila anayejiita ndugu wa Kolwezi, sitaitaja. Dada yangu, shangazi yako, amekwisha kukueleza yote hayo mara tatu, na kesho atakueleza mara ya nne. Wala sitakufundisha kuishi na watu. Katika hilo una akili kuliko mimi. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu, kwa kuwa mama yako alilisema mbele ya wageni nami nikiwa nimeketi pale pale.

Nataka kusema juu ya kiwanja chako.

Juzi uliporudi kutoka Mutshatsha kuitazama nyumba waliyokupa ya mwalimu, ulituambia kuwa nyuma yake kuna uwanja mpana, udongo mweusi, na kwamba mwalimu aliyekutangulia alikuwa akilima kabichi na vitunguu, tena ameacha mpapai mmoja unaozaa. Nikakuuliza utapanda nini. Ukatabasamu, ukasema, "Mi sina mukono ya kulima, tata. Kila kitu minapanda kinakufwa. Nitaacha tu majani iote."

Shangazi yako alicheka. Wewe pia ulicheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta koleo.

Mshahara wa mwalimu, kule kando ya reli, huja siku unayotaka wenyewe. Mwalimu asiye na bustani atakula bukari kwa chumvi, na unajua kwamba sizidishi. Lakini si njaa iliyonitoa nje. Niliyatambua yale maneno. Hukuzaliwa nayo, Mwadi. Niliyatia mimi kichwani mwako ulipokuwa na miaka kumi, na niliyatia nikijua kuwa ni uongo.

Sijui unaikumbuka vipi bustani ya mama yako ilivyokuwa kabla. Mimi naiona hivi: matuta saba nyuma ya nyumba, lengalenga, yaani mchicha, kwenye mawili ya kwanza, matembele yakitambaa kuelekea ukuta, nyanya zilizofungwa kwenye vijiti kwa vitambaa vya kitenge, mboga chachu ya ngai-ngai nyekundu pembeni, na chibwabwa, mboga ya maboga, iliyopanda hadi juu ya paa la choo bila kuomba ruhusa. Mipapai ilikuwa mitatu. Mparachichi ulikuwa mmoja, ule alioupanda kwa kokwa mwaka uliozaliwa wewe. Kila mtu aliyepita mtaani kwetu aliondoka na fungu la mboga, atake asitake. Mimi nilikuwa dereva wa lori, narudi nimechoka, na kazi yangu katika bustani ile ilikuwa kula. Mama yako alikuwa akiwaambia watu kuwa mumewe hawezi kutofautisha kitunguu na nyasi. Ilikuwa kweli.

Kisha mwenye lori akaliuza, nami nikabaki na funguo za kitu kisicho changu. Miezi minne nilizunguka kutafuta kazi. Bustani ilitulisha, na hilo lilinikera. Nasema wazi, maana leo sitaki kujipamba: kila nilipoona sahani ya lengalenga, niliona kwamba mke wangu ndiye anayelisha nyumba. Badala ya kushukuru, nilinuna.

Wakati huo watu wa mtaa wetu walikuwa wamekwisha kuanza kuchimba shaba na kobalti ndani ya viwanja vyao. Unakumbuka mahema ya plastiki ya rangi ya chungwa juu ya kila ua, na vijana wenye taa kichwani wakiingia mashimoni kama watu wanaoingia sokoni. Akaja Kazadi, yule kijana mrefu wa kutoka Kasai uliyekuwa ukimwita yaya, kaka mkubwa. Aliokota donge la udongo karibu na jiko la zamani, akalilamba, akalitema. "Tata, hapa chini kuko mali," akaniambia. "Mi na ndugu yangu tutachimba, weye utatoa kiwanja, tutagawa."

Mama yako alikataa siku tatu. Siku ya nne alikubali kwa sharti moja. Shimo liwe ndani ya jiko la zamani, mbali na matuta yake, na udongo utakaotoka shimoni usiguse bustani hata kwa kijiko. Utiwe kwenye mifuko, upelekwe kwenye lile korongo lililoachwa nyuma ya reli. Niliapa, Mwadi. Niliweka mkono juu ya Biblia yake, ile yenye jalada lililoshonwa upya.

Kuapa ni rahisi kwa mtu ambaye hajabeba mfuko hata mmoja. Shimo la wima la mita chache tu hutoa udongo usiomalizika. Na kuchimba mtaani kulikuwa kumekatazwa, kwa hiyo kila mkokoteni uliotoka na mifuko mlangoni petu ulikuwa unatangaza habari zetu. Wiki mbili nilifanya kama nilivyoapa. Wiki ya tatu walipita watu wa serikali wakiuliza maswali kwa jirani, nikaogopa. Mifuko ikajaa jikoni hadi Kazadi akakosa pa kusimama.

Jumapili iliyofuata nikasema mgongo unaniuma. Wewe na mama yako mkaenda misa, umevaa lile gauni la njano. Nyinyi mkiwa mnaimba, mimi nilichukua lukasu, jembe la mama yako mwenyewe, nikaondoa udongo mweusi juu ya matuta mawili, nikamwaga chini yake ule wa shimoni, wa kijivu wenye chembe za kijani, kisha nikaurudisha mweusi juu na kutandaza mbolea ya kuku. Kazadi alikuwa akiniangalia. Alikuwa kijana tu, lakini wazazi wake walikuwa wakulima. Akasema, "Tata, hii udongo haiko ya kulimia. Itauwa mboga." Nikamjibu kwamba udongo ni udongo.

Niliumwa mgongo Jumapili tisa.

Unajua mama yako alifanya nini? Alinishukuru. Aliona matuta yameinuka, akaona mbolea ya kuku, akadhani nimeanza kumsaidia. Aliwaambia akina mama wa kanisani kuwa mume wake sasa analima. Jioni ile alinipikia samaki. Nilimla hadi mifupa.

Kiangazi kilipoanza, na wewe ukawa ndiye wa kumwagilia asubuhi na jioni kwa lile kopo lililotobolewa, majani yakaanza kugeuka manjano. Lengalenga kwanza, kisha nyanya. Mishipa ya jani ilibaki kijani na katikati yake pakapauka. Mizizi ilikuwa mifupi, imevimba. Mama yako alikuwa anachuchumaa pale kila siku akigeuza majani, akitafuta wadudu wasiokuwepo. Mpapai wa kwanza ukaangusha matunda yakiwa mabichi. Alikonda. Wewe unakumbuka alivyokonda, wala haikuwa njaa. Alikuwa mtu anayetazama kitu alichokijua kikimkana.

Ndipo ukaja wewe, kwa moyo wako mweupe. Ulimwambia mama yako kuwa siku moja, bomba lilipokuwa na foleni ndefu, ulichota maji ya kufulia yenye sabuni ukamwagilia nayo tuta la nyanya. Siku moja tu. Makopo mawili. Alikuwa amekukataza, na ulikuwa huli vizuri kwa sababu ya kuficha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Shangazi yako alikuwa amekuja kututembelea, amekaa kwenye kigoda. Mama yako alianza kusema kuwa sabuni kidogo haiwezi kuua bustani nzima, na alikuwa karibu kuuliza swali linalofuata. Nililiona linakuja. Nikamkata kauli.

Nilisema ni wewe: "Njo weye unauwa bustani ya mama yako. Uko na mukono mubaya."

Nilikutaka upige magoti pale pale katikati ya matuta yaliyokauka, umwombe mama yako msamaha mbele ya shangazi yako. Ukapiga magoti. Ukapiga makofi mara tatu kama tulivyokufundisha kuomba radhi kwa mkubwa, ukasema, "Mama, unisamehe, mi njo niliuwa." Ulikuwa na miaka kumi. Mama yako alikuinua haraka, akakufuta machozi, akaniangalia. Sikuweza kulitazama lile jicho, nikaenda kukaa jikoni kwenye ukingo wa shimo.

Kuna watu husema kosa la zamani hupungua. Langu halikupungua. Tangu siku ile hukugusa tena mche. Shuleni walipowapa watoto miche ya miti ya kupanda, mche wako ulimpa mwenzako. Ulikataa hata kumwagilia ua la kanisani. Kila ulipokataa, mimi nilikuwa napata nafasi ya kusema, na kila mara nilijiambia kuwa sasa umekua, umesahau. Ulikuwa hujasahau. Ulikuwa umeamini.

Shimo halikutupa kitu. Kazadi na ndugu yake walichimba hadi maji yakawazuia, wakatoa mawe machache ambayo mnunuzi aliyasukuma kando kwa mguu, wakaniaga kwa adabu na kwenda kutafuta kwingine. Nililifukia. Nilidhani nimelifukia na lile jingine.

Mwaka uliofuata, wewe ukiwa shuleni, mama yako aliamua kupanda mlimau. Alichimba kwa kina kuliko kawaida, maana mti unataka kina. Niliitwa. Nilimkuta amesimama kando ya kishimo, lukasu mkononi, anatazama chini. Ukuta wa kishimo ulikuwa na tabaka tatu: nyeusi, kijivu chenye chembe za kijani, kisha nyeusi tena. Hata mtu asiyejua kitunguu na nyasi angeelewa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniuliza tu zilikuwa siku ngapi, nikamwambia ni Jumapili tisa. Akakaa chini kwenye udongo na gauni lake zuri. Akasema:

"Mutoto alipiga magoti hapa."

Niliinama, nikaokota donge la kijivu.

"Utamwambia weye mwenyewe," akasema. "Mi sitakusaidia. Na sitamwambia, juu nikimwambia mi, atajua tu kama tata yake iko muongo. Ukimwambia weye, atajua kama uko tata yake."

Kisha akanyanyuka, akanipa lukasu.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kulima. Uliona ninavyotoka na mikokoteni ya udongo miaka ile, ukafikiri nimepata kazi ya kufukia barabara. Nilikuwa natoa nilichomwaga. Tuta baada ya tuta, nilichimba hadi nilipofika kwenye udongo wa asili, nikapeleka ule mbaya korongoni, mchana, mbele ya macho ya mtaa mzima. Mama yako hakunisaidia kubeba hata karai moja. Alinisimamia. Alinifundisha kulaza majani makavu, maganda ya ndizi, majivu kidogo na mbolea ya kuku iliyokaa muda, kuyafunika, kuyangoja. Alinifundisha kunusa. Udongo ulio hai una harufu ya mvua ya kwanza; uliokufa una harufu ya sarafu. Mparachichi wako ulikauka kuanzia ncha, nikaukata mimi, na kila pigo la shoka nililisikia mabegani kwa wiki nzima. Miaka minne ilipita kabla mama yako hajakubali kupanda kitu cha kuliwa pale. Miaka minne ile mboga tulinunua.

Sasa nikueleze ninalolijua, si kwa kukufundisha, maana mwalimu ni wewe. Sehemu ya udongo inayotulisha haizidi urefu wa kiganja. Watu wa mji wetu tunapenda kusema mali iko chini, na tumezoea kuangalia chini kabisa, penye giza, tukiikanyaga ile iliyo juu. Mimi niliizika mali niliyokuwa nayo kwa kuitafuta nisiyokuwa nayo. Na la pili nalisema kwa aibu. Ukiwa na kosa kubwa, na mtu mdogo akaja na kosa lake dogo mkononi akilia, shetani wako atakuonyesha kwamba yale mawili yanatoshana. Wewe utakuwa na watoto arobaini mbele yako kila siku. Watakuja na makosa yao. Usiyatwike yako juu yao. Mimi nililifanya hilo kwa sentensi moja, nikiwa nimesimama tu mlangoni, na sijapata sentensi ya kulitengua.

Kuna swali ambalo huenda utaniuliza, nami ninalo kabla yako. Tulikula zile lengalenga za manjano. Mama yako alikula zaidi yetu, maana sisi alitupa nzuri. Alipougua miaka miwili iliyopita, daktari alisema ni presha iliyochelewa kutibiwa, na bibi yako, mama yake, pia alikufa hivyo. Nimejaribu kushika neno la daktari. Siku nyingine linashikika, siku nyingine haliwezekani. Sijui kama ni ule udongo, Mwadi. Sitajua. Nimekubali kuzeeka na hilo.

Wiki yake ya mwisho hospitalini, wewe ulitoka kwenda kumletea uji. Aliuliza, kwa sauti ile ndogo iliyokuwa imebaki, "Umemwambia?" Nikasema bado. Akageuza uso kuelekea ukutani. Hakuugeuza kwa hasira; alikuwa amechoka kunisubiri. Mimi niliahidi kuwa nitakuambia jioni ile ile. Jioni ile ulirudi umechoka, ukalala umeegemea kitanda chake, nikasema nisikuamshe. Siku tatu baadaye tukamzika. Msibani kila mtu alikuwa analia kwa sababu ya mama yako, nami nililia kwa hiyo na kwa nyingine.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, lakini nilichozaa nilikinyima haki yake.

Kwa hiyo sikiliza. Hujawahi kuua kitu. Makopo mawili ya maji ya sabuni hayakuua hata kipepeo. Mkono wako ndio ule ule uliokuwa ukipanda vitunguu kwa mstari ulionyooka kuliko wa mama yako ukiwa na miaka saba, naye akawaita majirani waje waone. Alikuwa akisema wewe ndiwe utakayeirithi bustani, si mimi. Nilikunyang'anya, na miaka hii yote nimekaa ndani yake kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwingine.

Sikuombi upande chochote Mutshatsha. Nilitaka kukuomba, nikaona si haki yangu tena kukuamuru juu ya udongo. Ukitaka uache majani yaote, yaote. Lakini yaote kwa sababu huna muda, au kwa sababu unapenda majani. Yasiote kwa sababu ya neno langu.

Wala sikuombi unisamehe haraka. Wewe uliombeshwa msamaha usiokuhusu, papo hapo, mbele ya watu, hukupewa hata nafasi ya kufikiri. Mimi nitakungoja kadiri utakavyotaka, hata kama ni muda mrefu kuliko nilionao.

Kuna jambo moja la mwisho. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuikunja barua hii na kuiweka chini ya nguo zako ndani ya sanduku, uikute kule, nami niwe mbali nisiuone uso wako. Nimefika hapa ndipo nimejiona. Nilikuwa nakwenda tena kuficha kitu chini ya kitu kingine ili nisionekane.

Basi nimempigia simu shangazi yako, aje alfajiri kabla lori la kukupeleka Mutshatsha halijafika. Ameniuliza kuna nini, nikamwambia aje tu. Siku ile alikuwa amekaa akisikia nilivyokuhukumu. Na kesho akae asikie. Sikukupa lile neno kwa maandishi. Nilikupa kwa sauti yangu, mbele yake. Nitawasomea nyote wawili barua hii, yote, kwa sauti ile ile, na dereva akipiga honi angoje. Nikishindwa katikati, nitapumzika, kisha nitaendelea. Nikimaliza, unaweza kupanda lori bila kunipa mkono, na mimi nitasimama barabarani nikikuangalia mpaka vumbi litulie, kwa sababu mtu yule anayeondoka atakuwa, kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi, mtu asiye na kosa.

Tata yako